Moto Usiopepewa

Katika nyumba ya Sadala Semboja, pale Sindeni, moto wa vyungu haukupepewa. Moto wa ugali ungeweza kupepewa kwa ungo au kwa upindo wa kanga, wala hakuna aliyejali. Lakini siku ya kuchoma vyungu, kaa la kwanza lilisukumwa chini ya lundo la kuni na vinyesi vikavu vya ng'ombe, kisha mwanamke aliye mdogo kuliko wote nyumbani akapiga magoti na kulipuliza kwa kinywa, pumzi juu ya pumzi, mpaka moto ushike. Upepo, walisema wazee wa ukoo, ni wa kila mtu, nao huokota husuda za watu njiani. Pumzi ina mwenyewe.

Mwaija aliikuta kawaida hiyo alipoletwa bi harusi kutoka kwao Kang'ata, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Mkwewe alimpokea, akamshika mikono, akaigeuza juu na chini, akasema, "Vidole hivi ni vya udongo." Kwa miaka mingi Mwaija alipuliza moto wa vyungu vya mkwewe, na mkwewe alipofariki alibaki yeye na udongo wake, mfinyanzi na mpulizaji katika mtu mmoja. Alizaa mara mbili, akazika mara mbili. Mtungi wake ulijulikana vijiji vingi: ukiugonga kwa kifundo cha kidole ulilia kama kengele, na maji yake yalikuwa baridi hata katika jua la Februari.

Mwaka 1974 watu waliondolewa katika mashamba yao yaliyotawanyika, wakapangwa kwa mistari katika kijiji cha ujamaa. Sadala alivunja nyumba ya zamani, akajenga mpya katika mstari wa tatu, na humo akaoa mke wa pili. Jina lake Mwanaidi, msichana wa miaka ishirini, mwepesi wa kucheka, na sauti yake ndiyo iliyoongoza nyimbo katika shamba la kijiji. Mwaka haukupita akajifungua mtoto wa kike. Mwaija alimpakata mtoto yule kwa furaha ya kweli, na majirani walimtazama alivyompakata.

"Aliyezika wawili," walinong'onezana, "anampakataje wa mwenziwe bila neno moyoni?"

Sasa, kwa kawaida ya nyumba, mpulizaji alikuwa Mwanaidi.

Shida ilianza kiangazi cha mwaka 1976. Siku hiyo kuni zilikuwa na unyevu kidogo, na Mwanaidi alipuliza muda mrefu, machozi ya moshi yakimtiririka. Moto uliposhika, Mwaija alimwambia, "Basi, simama." Mwanaidi hakusimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia kama mkono wa kanzu iliyoanikwa, na upande mmoja wa midomo yake umelegea.

"Mkono wangu," alisema, na maneno yakatoka mazito, yamevurugika. "Mkono umekwenda, Dada."

"Umekwenda wapi? Si huo hapo?"

Mwaija alicheka. Baada ya muda wa sufuria ndogo ya maji kuchemka, mkono ulirudi, maneno yakanyooka, na Mwanaidi akainuka akiwa mzima. Mwaija alisema moyoni: huyu hapendi kubeba udongo kutoka shimoni, sasa ametafuta njia.

Mara ya pili akamtilia shaka zaidi. Mara ya tatu aliamua kumjaribu. Mwanaidi alipokuwa amekaa chini, mkono umelala katika vumbi, Mwaija aliinama kana kwamba anamsaidia, akamfinya ndani ya mkono, pale penye ngozi laini, kwa kucha zake mbili za mfinyanzi. Hata chui angeruka. Mwanaidi alimtazama tu, tena kwa upole, kama mtu anayetazama mwingine akifinywa. Tangu dakika hiyo Mwaija aliacha kumshuku Mwanaidi, akaanza kuogopa.

Watu wengine hawakuwa na haja ya kufinya. Walikuwa na macho, na macho yao yaliona mambo mawili: kila vyungu vilipochomwa Mwanaidi alianguka, na kila Mwanaidi alipoanguka vyungu vilitoka vizuri kuliko vya mara iliyotangulia. Hakuna kilichopasuka. Kwenye gulio wanawake walianza kuvipindua vyungu vya Mwaija, wakivitazama kitako, wakivinusa, kisha wakivirudisha chini polepole.

"Havipasuki," alisema mmoja, "kwa sababu vimekunywa."

"Vimekunywa nini?"

"Mtu."

Shambani nako kulikuwa na maneno ya namna nyingine. Mwenyekiti wa kijiji hakuamini uchawi, au alisema hivyo kwa kuwa cheo chake kilimtaka aseme hivyo. Lakini aliamini uzembe. Siku moja Mwanaidi alikuwa ameongoza wimbo mrefu wa palizi, na jembe likamponyoka. Mwenyekiti akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Ndugu Mwanaidi, huo mkono wako una ratiba kama ya ofisini. Kuimba unaweza, jembe likifika unakwenda likizo." Watu wakacheka. Mwaija, mstari wa pili, hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu nani anacheka na nani anamtazama yeye.

Kisha likaja la msibani. Ilikuwa Ramadhani, na shangazi yake Mwanaidi alikuwa amefariki. Mwanaidi alilia mpaka akakosa pumzi, na mkono ukaanguka mbele ya jamvi zima la wanawake, naye aliyeketi begani pake alikuwa Mwaija. Wanawake walisogea. Kati ya Mwaija na mtu wa karibu zaidi ikabaki nafasi ya kutosha watu watatu.

Baada ya Idi, Mzee Mbwana aliita kikao. Huyu alikuwa baba mkubwa wa Sadala na mkubwa wa ukoo, mtu wa haki kwa kadiri alivyoiona, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Alikuwa amekwenda kwa mganga wa ng'ambo ya mto, na mganga alikuwa ametazama katika maji na kusema maneno matatu tu: "Mtu huyu anapikwa."

"Mwaija," alisema Mzee Mbwana, "umekaa nasi miaka kumi na mitano. Sikukuona ukiiba wala ukitukana. Ila mimi nazika watu, na nimechoka kuzika wasichana. Mahindi yamefika magotini. Yakivunwa na Mwanaidi bado anaanguka, Sadala atakupa talaka yako, nawe utarudi kwenu na udongo wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Una neno?"

"Sikumfanya kitu, Baba."

"Hakuna mchawi aliyewahi kusema amefanya," alijibu mzee, bila ukali.

Sadala alikuwa akitazama miguu yake. Mwaija alimngoja aseme, na alipoona kwamba hatasema, alijua amebaki peke yake. Kang'ata wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Ilikuwapo nyumba ya kaka yake, na neno lilikuwa limemtangulia. Mwanamke aliyeachwa hupewa kona. Aliyeachwa kwa uchawi hapewi hata kivuli cha ukuta.

Lakini mfinyanzi ana adabu yake. Chungu chake kikipasuka hamwendei jirani kwanza. Hutazama udongo, hutazama maji, hutazama kuni, na hukumbuka ni wapi siku hiyo ilitofautiana na siku nyingine. Mwaija aliamua kulitazama jambo lile vivyo hivyo. Kwa wiki tatu alimwangalia Mwanaidi, naye Mwanaidi alijua anaangaliwa, na kila mmoja akawa anakaa na mgongo wake ukutani. Akaona kwamba Mwanaidi alitwanga mahindi na mkono haukuanguka. Alibeba ndoo kichwani na mkono haukuanguka. Alilima mistari minne bila kuimba, akarudi mzima. Basi kazi haikuwa na kosa.

Siku moja wakiwa shimoni wanachimba udongo, Mwaija alitua jembe.

"Mwanaidi, nakuuliza neno, usinifiche. Umepata kushikwa wakati mimi sipo?"

Mwanaidi aliendelea kuchambua mizizi katika bonge la udongo. "Watu wanasema hakuna."

"Sikuuliza watu."

Mwanaidi alitupa mzizi mmoja kando. "Mara moja," alisema mwishowe. "Juzi, ulipokwenda kisimani. Sikumwambia mtu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeniuliza kama ni wewe au siye. Na mimi sijui, Dada. Wallahi sijui. Nala chakula chako, na kila tonge natazama kwanza."

Neno hilo lilimchoma Mwaija, lakini alilimeza. "Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nampoozea mtoto uji."

"Ukiupuliza?"

"Uji moto unapoozwa kwa nini basi, kwa dua?"

Mwaija alitaka kucheka, asiweze. Alikaa juu ya ukingo wa shimo. Uji. Wimbo wa palizi. Kilio cha msibani. Moto. Aliyaweka mambo hayo manne kando kwa kando kama vyungu vinavyosubiri kuchomwa, na akaona kwamba yote yalikuwa na mdomo mmoja.

Alipochoma vyungu mara iliyofuata alimkataza Mwanaidi kusogea. Alichukua ungo, na mbele ya majirani waliokuja kwa kisingizio cha kuomba moto, akaupepea moto wa vyungu. Mwanaidi alikaa mlangoni na mwanawe, mzima wa afya. Vyungu vilikuwa kumi na kimoja. Vitatu vilipasuka kwa kishindo, labda kwa sababu upepo ulikuja na moto upande mmoja.

"Mmeona?" alisema jirani. "Amevinyima chakula, vimekasirika."

Mwaija alielewa siku hiyo kwamba ushahidi aliokuwa nao ulikuwa wa kumwokoa Mwanaidi, si wa kujiokoa mwenyewe. Mtu mwingine alipaswa kuona kwa macho yake.

Katika zahanati ya kijiji alikuwapo tabibu Isaka, Mshambaa kutoka milima ya Lushoto, aliyefunzwa kazi na wamisionari, mwenye kalamu ya wino mfukoni na tabia ya kunawa mikono kabla na baada ya kila neno. Wazigua wa Sindeni walimheshimu kwa sindano zake na kumshuku kwa mambo mengine yote. Kwa miezi minane alikuwa akimpa Mwanaidi vidonge vya kifafa. Mwaija alipoingia na mwenziwe, amebeba kigae chenye kaa la moto, Isaka aliwatazama wote wawili juu ya miwani.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba, mama. Huo moto ni wa nini?"

"Wa kukuonyesha."

Tabibu alishusha pumzi. "Mama Mwaija, nisikilize. Nimefanya kazi hii tangu Mwingereza yupo. Wake wenza wana magonjwa yao, na mimi sina dawa yake. Ni nani kati yenu anayemwogopa mwenziwe zaidi?"

"Mimi," walisema wote wawili, kwa pamoja, wakatazamana.

Mwaija aliweka kigae mezani. "Apulize mbele yako. Kama mimi ndiye ninayemwangusha, nitoe nje. Nitakaa kule kwenye mwembe wa barabarani, mlango uufunge."

Ndivyo ilivyofanyika. Mwanaidi alilitazama kaa, akamtazama tabibu. "Nikifa, andika kwamba nilikuja kwa miguu yangu."

Akapuliza. Isaka alihesabu pumzi, kwanza kwa kuchoka, kisha kwa makini. Ilipofika ya thelathini na kitu vidole vya kulia vilifunguka vyenyewe, mkono ukateleza mezani na kuanguka pembeni. Tabibu aliuinua, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa. Alimwambia aonyeshe meno. Upande mmoja ulionyesha, mwingine haukuonyesha. Akalifunika kaa haraka kwa bakuli la bati, akapiga magoti, akaushika mkono ule na kumwambia atulie, avute hewa polepole, na akakaa vivyo hivyo mpaka uhai uliporudi vidoleni, kidole kimoja kimoja.

Alipomwita Mwaija ndani hakunawa mikono.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane nimemlisha binti huyu vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao. Hiki si kifafa, wala si mapepo. Sikijui. Lakini ni kitu cha kweli, na kiko kichwani, si katika mkono."

Aliandika barua ndefu ya kwenda hospitali ya Korogwe. Mwaija alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Aliitazama barua kabla haijafungwa, akaona imeandikwa Kiingereza tupu, na katikati ya maneno yale asiyoyajua akaliona jina lake. Mwaija. Mara mbili. Tabibu naye ni mtu. Ni nani aliyejua alikuwa ameambiwa nini na Mzee Mbwana? Hakuthubutu kuuliza. Akaibeba barua hiyo kifuani njia nzima kama mtu aliyebeba hukumu yake mwenyewe.

Mzee Mbwana alikataa safari. "Mchawi anampeleka mhanga wake kwa mumiani," alisema. Kila mtu alijua habari za mumiani: watu wanaonyonya damu hospitalini na kuiuza mbali. Mwaija alimjibu kwa mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa. "Mahindi yamefika kifuani sasa, Baba. Akifa Sindeni ni mimi niliyemuua. Akifa Korogwe ni mimi niliyemuua. Niache nikamuulie mahali penye daktari." Sadala, aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa mambo haya, aliondoka kwenda kutafuta lori.

Mjini Korogwe walifikia mtaa wa Kilole, nyumbani kwa dada yake tabibu, Yuditha, mama mjane wa Kilutheri. Siku tatu walizongoja zamu Mwaija hakula nyama, akidai tumbo linamsumbua. Siku ya nne Yuditha aliwatolea jogoo aliye hai. "Nimekwishamwita Mzee Abdi wa nyumba ya pili aje amchinje mbele yenu," alisema. "Tumbo lako litapona, mama, au bado?" Mwanaidi aliangua kicheko, cha kwanza kwa miezi, na Mwaija akamziba mdomo kwa kiganja kwa hofu ya mkono ule, na Mwanaidi akazidi kucheka ndani ya kiganja.

Hospitalini daktari aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi na kuisoma tena.

"Mwaija ni nani?"

"Ni mimi, Daktari." Mwaija alisogea mbele. "Anasema nini juu yangu?"

Daktari alimtafsiria polepole, akipitisha kidole chini ya mstari. "'Aliyegundua uhusiano wa pumzi na ugonjwa huu si mimi, bali mke mwenza wa mgonjwa, Mwaija, mfinyanzi, asiye na elimu ya utabibu. Naomba msimtenge Mwaija na mgonjwa, kwa kuwa ndiye shahidi bora kuliko wote.'"

Mwaija aliomba asomewe tena.

Daktari aliwaandikia kwenda hospitali kubwa zaidi, Sadala akatia dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, akarudi kwenye mavuno, na wanawake wawili wakapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam. Huko wodini Mwanaidi alichomwa sindano katika mshipa wa shingo, ikapitishwa dawa ya kuonyesha mishipa, na picha ikapigwa. Mwaija alikuwa ameambiwa juu ya sindano ya shingo na wagonjwa wengine, na alisimama nje ya mlango ule, mkono kwenye kitasa, mpaka alipomsikia Mwanaidi akitaja jina lake kwa maneno yaliyonyooka.

Aliyeisoma picha ni daktari bingwa aliyekuja kwa miezi michache kutoka Ujapani, mtu mfupi, mpole, mwenye mkalimani. Aliinua karatasi nyeusi kwenye taa.

"Hii ni mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Hapa, chini ya ubongo, imesinyaa, na kila mwaka inasinyaa zaidi. Ni ugonjwa wa nadra. Kwetu unaonekana zaidi kuliko kwenu. Na hapa, mnaona haya?" Palikuwa na utando hafifu, kama kitu kilichopuliziwa kwenye kioo. "Mwili umeona njia kubwa inaziba, umechimba vijinjia vidogo vidogo. Vinaonekana kama moshi. Kwa lugha yetu tumeupa ugonjwa jina la moshi."

"Moshi huo," alisema Mwaija, "ni wa moto unaotaka kuwaka, ila hauna njia."

Mkalimani alitafsiri. Daktari alimwinamishia kichwa kidogo. Kisha akaeleza lililobaki: mtu akipuliza sana au akilia sana, hewa fulani humtoka kupita kiasi, na mishipa ya ubongo hubana kwa muda. Kwa mtu mwenye afya si neno. Kwa aliyebakiwa na vijinjia kama vile, sehemu ya ubongo hukosa damu, na mkono huanguka. Kufunga bila kunywa maji nako humzidishia. Akiachwa hivyo, siku moja mkono utaanguka usirudi tena.

Mwaija alitazama tena ule moshi wa pichani. "Basi ni moto wangu uliomdhuru."

"Ugonjwa alikuwa nao mwenyewe," daktari alijibu. "Ila moto ulikuwa ukimpeleka ukingoni."

Mzee Mbwana, kumbe, alikuwa amekosea mtu, lakini hakuwa amekosea moto. Jambo hilo Mwaija alilibeba kimya, na halikuwa jepesi kuliko lile la kwanza.

Tiba yenyewe kwao Wajapani ilikuwa ni ya juzi tu, na daktari hakuahidi kitu. Atafungua dirisha dogo katika fuvu, upande wa kushoto unaoamuru mkono wa kulia. Atachukua nyama iliyo juu ya sikio, pamoja na mishipa yake, ailaze juu ya ubongo. Kisha watangoja miezi mingi, mishipa ya nyama ile ipate kuota ndani kama mizizi. "Kama wanavyobebesha tawi la mchungwa juu ya shina la mlimau kule Muheza," alisema mkalimani, akiongeza la kwake.

"Dada," Mwanaidi aliuliza, kichwa kimenyolewa, "wewe ungekubali?"

"Mimi ningeogopa," alisema Mwaija. "Halafu ningekubali. Halafu ningekuambia ukae mlangoni."

Siku ya upasuaji akakaa mlangoni tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Waliporudi Sindeni mahindi yalikuwa yamevunwa, yamepukuchuliwa, na magunzi yametupwa. Kikao kilikuwa kinawangoja. Mwanaidi alikuwa amekwisha kuanguka mara mbili tangu apasuliwe, kama daktari alivyoonya. Mizizi ilikuwa bado haijashika. Mzee Mbwana alitazama kovu lililozunguka sikio kama kwato, akaligusa kwa vidole.

"Neno langu ni neno langu," alisema. "Mahindi yamevunwa. Bado anaanguka. Na kama ataacha kuanguka, tutajuaje kwamba si huyu aliyemwachia kwa kuogopa kikao?"

"Hamtajua, Baba Mkubwa," alisema Mwanaidi. Mwanamke wa umri wake hakutakiwa kusema pale, na watu waligeuka. "Hata mimi nilikuwa sijui. Nilikula chakula chake nikitazama kila tonge, naye aliniona. Sasa nisikilizeni. Daktari amenikataza kupuliza, amenikataza kulia, amenikataza kufunga mpaka aniruhusu, anataka ninywe maji na kumeza vidonge kila siku. Mimi ni msahaulifu. Mtoto akililia uji, naupuliza kabla sijakumbuka. Mume wangu yuko shambani. Nyinyi mko vikaoni. Mkimfukuza huyu, nani atanikataza?"

Ndipo Sadala alipoinua macho kutoka miguuni pake. "Sitaandika talaka," alisema. "Anayetaka kuiandika aoe kwanza." Kicheko kilipita kati ya wazee kabla hawajakizuia, na Mzee Mbwana aliinuka kwa fimbo yake, akasema kwamba jua limekuwa kali, na kikao kikaisha bila hukumu.

Hakikusafisha jina la Mwaija. Palikuwa na watu ambao mpaka uzee wao hawakununua chungu chake, na wengine walionunua na kukimwagia maji ya chumvi kwanza. Moto wa vyungu ulipepewa kwa ungo, na katika kila kumi vilipasuka viwili au vitatu mpaka Mwaija alipojifunza upepo. Mwanaidi alianguka mara chache zaidi mwaka ule, mara moja mwaka uliofuata, kisha hakuanguka tena. Mkono wa kulia ulibaki mzito kidogo, hasa wakati wa baridi, na uimbaji wa shambani alimwachia mwingine.

Daktari alikuwa amempa Mwaija kazi moja tu: kila asubuhi ampe mgonjwa vidole viwili avibane kwa mkono ule, na siku atakapoona nguvu zimepungua asingoje, amkimbize Korogwe. Alisema mwaka mmoja. Mwaija hakuuamini mwaka mmoja. Alikuwa amejifunza kwamba kitu kinachokaa kimya si lazima kiwe kimekwisha. Miaka ikapita, vijiji vikabadilisha majina na mipaka, Sadala akazikwa, mtoto yule wa uji akaolewa. Na kila asubuhi, kabla ya chai, jirani wa mstari wa tatu angeweza kuwasikia uani.

"Bana."

"Nimebana."

"Hujabana. Bana tena."

"Utanivunja vidole, mwanamke, mimi si udongo!"

"Bana," alisema Mwaija, akimtazama usoni, pande zote mbili za midomo.